Tatuu ya Kwanza: Ngozi Ndiyo Yenye Kauli

Wengi wanaokwenda kuchorwa tatuu kwa mara ya kwanza hukesha wakichagua picha: simba, jina la mama, tarehe aliyozaliwa mtoto. Ngozi itakayobeba picha hiyo haipewi nafasi katika mjadala, ilhali ndiyo inayoamua kama mchoro utapendeza au utabaki kovu.

Mashine ya umeme inatokana na kifaa alichosajili Samuel O'Reilly huko New York mwaka 1891, kwa kuazima wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Sindano hupanda na kushuka kwa kasi, ikiacha wino katika ngozi ya ndani, kwenye kina cha milimita moja hadi mbili hivi. Ngozi ya juu hujibadilisha kila baada ya takriban mwezi mmoja, kwa hiyo wino ukiishia hapo utapukutika nayo. Ukizama kupita kiasi, husambaa na mistari ikatanuka kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Mwili nao hauupokei wino huo kwa hiari. Seli za kinga ziitwazo makrofaji hukimbilia kuumeza wino, lakini haziwezi kuumeng'enya. Mwaka 2018, watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba makrofaji zinapokufa huutema wino huo, na nyingine mpya zikaudaka palepale. Mchoro unaoonekana kutulia kwa miaka, kumbe, huwa unarithishwa kutoka seli moja hadi nyingine. Chembe kadhaa hutoroka hadi kwenye tezi za limfu na kuzibadilisha rangi.

Ngozi nyeusi ina kanuni zake. Melanini imejaa katika ngozi ya juu, na wino uko chini yake, hivyo kila rangi hutazamwa kupitia weusi huo. Wino mweusi hustahimili. Njano na rangi nyingine za mpauko, zinazong'ara kwenye picha za wateja wazungu, hufifia au hupotea kabisa. Vivyo hivyo mistari myembamba iliyobanana: haitofautiki vizuri. Mchoraji mzoefu atashauri mchoro mkubwa zaidi wenye nafasi kati ya mstari na mstari, na anayesukuma sindano kwa nguvu ili rangi “ikolee” anamjeruhi mteja bure.

Wamakonde wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania walikuwa na njia nyingine. Nembo zao za usoni zilichanjwa kwa kisu kidogo, kisha kaboni ya mimea ikasuguliwa kwenye jeraha. Walilitaka kovu lenyewe liwe sehemu ya pambo.

Kwa mteja wa leo, kovu lisilotakiwa ndilo la kuogopwa. Keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mipaka ya jeraha, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Aliyewahi kuvimba vinundu vigumu baada ya kutoga masikio, au ambaye ndugu zake wa damu wana keloidi, amwone daktari wa ngozi kabla ya kulipa arubuni.

Kuna wanaoogopa sindano wakaamua kujaribu kwanza kwa piko, rangi nyeusi ya kupaka juu ya ngozi. Hapo wanakosea hesabu. Hina ya asili huacha rangi ya kahawia au nyekundu. Weusi wa haraka wa piko mara nyingi hutokana na PPD, kemikali ya kutilia nywele rangi. Ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge, makovu, na mzio wa rangi za nywele usiokwisha maisha yote.

Chumbani kwa mchoraji, macho yawe mikononi mwake. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya mteja. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, na kinachobaki kisirudishwe chupani. Akigusa simu, abadilishe glavu. Huko si kujifanya mjuaji: virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu lililokwisha kukauka.

Kisha mteja akae mbali na bahari mpaka ngozi ifunge, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Mwaka 2017 madaktari wa Texas waliripoti kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku chache baada ya kuchorwa. Bakteria wa maji ya chumvi waliingia mwilini na akafariki. Tayari alikuwa na maradhi ya ini. Kisa cha nadra, lakini mkazi wa pwani hana sababu ya kukipuuza.

Kuhusu homa ya ini B, kinga ipo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki walizaliwa kabla chanjo yake haijaingia katika ratiba ya watoto wachanga, na wengi hawajui kama wamechanjwa. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anayepanga kuchorwa Desemba, basi, aende kliniki Juni.