Jedwali la Mifuatano Thabiti Ndani ya Kompaila: Umbo, Maana na Upatanisho wa Kisarufi

Msomaji wa kamusi ya Kiswahili anapolifikia neno "paa" hukuta zaidi ya ingizo moja. Kuna paa aliye mnyama wa mwituni, paa la nyumba, kupaa angani na kumpaa samaki magamba. Mwanaleksikografia ameamua kwamba umbo ni moja lakini maneno ni mengi, na kila neno akalipa nafasi yake. Vitawe vya aina hii tumevizoea tangu shule ya upili. Ndani ya programu za kompyuta pia yumo mtunzaji wa maneno anayekabiliwa na swali lilo hilo, naye hulijibu kinyume kabisa: umbo likiwa moja, ingizo ni moja, basi. Mtunzaji huyo ni jedwali la mifuatano thabiti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jedwali hilo linavyofanya kazi, kwa ajili ya msomaji wa isimu na fasihi asiyekuwa na mazoea ya kutunga programu, na kuonyesha ni kwa nini uamuzi wake huo unamgusa yeyote anayetafsiri programu kwa Kiswahili.

Kompaila ni programu inayoichukua matini iliyoandikwa kwa lugha kama vile C au Java na kuigeuza kuwa amri zinazoweza kutekelezwa na mashine. Hatua yake ya kwanza haiko mbali na uchanganuzi wa kimofolojia: matini hukatwa kuwa vipashio. Vipo vipashio vilivyo maneno maalum ya lugha yenyewe, yapo majina aliyoyabuni mtunga programu, zipo namba na alama za uakifishi, na yapo maneno yaliyofungiwa ndani ya alama za kunukuu. Haya ya mwisho ndiyo mifuatano thabiti: mifuatano kwa kuwa ni herufi zilizofuatana, thabiti kwa kuwa hazikusudiwi kubadilika wakati programu inapoendeshwa. Mtunga programu akiagiza neno "Karibu" lichapishwe kwenye kioo, kompaila haijali kama anayekaribishwa ni mgeni au ni mteja wa benki. Kwake "Karibu" ni shehena tu, ya kuhifadhiwa bila kupungua wala kuongezeka herufi.

Programu kubwa inaweza kulitaja neno "Hitilafu" mara mia. Kulihifadhi mara mia ni israfu, kwa hiyo kompaila hulihifadhi mara moja na penginepo pote huandika namba ya nafasi lilikowekwa. Kila inapokutana na mfuatano huuliza swali moja: je, umo jedwalini? Ukiwamo, hurejesha namba ya zamani. Usipokuwamo, huuongeza na kuupa namba mpya. Utaratibu ni huo tu, ila swali lenyewe huulizwa mara nyingi mno, na kulijibu kwa kupekua jedwali zima kila mara kungeifanya kompaila kuwa goigoi.

Ufumbuzi uliozoeleka ulipendekezwa mapema. Mwaka wa 1953 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliandika kuhusu wazo la kuukokotoa mfuatano wenyewe ili upatikane mahali pa kuutafutia. Hebu tuchukue kanuni inayotumiwa na Java. Kila herufi ina namba yake katika kompyuta: a ni 97, p ni 112. Tunaanza na herufi ya kwanza, tunaizidisha kwa 31, tunajumlisha herufi ya pili, tunazidisha tena kwa 31, kisha tunajumlisha ya tatu. Neno "paa" linatupa 110736. Tukiwa na jedwali la vyumba 64, tunagawanya kwa 64 na kuchukua baki, ambayo ni 16. Kwa hiyo "paa" hutafutwa katika chumba cha 16, wala hatuna haja ya kubisha hodi katika vyumba vingine.

Msomaji makini ataona tatizo papo hapo. Akilikokotoa neno "hai" atapata 103056, na baki yake pia ni 16. Akilikokotoa "bao" atapata 97296. Baki, 16 vilevile. Maneno matatu yasiyohusiana kwa sauti wala kwa maana yanagombea chumba kimoja! Ndiyo maana namba peke yake haitoshi kuthibitisha utambulisho. Namba humwelekeza mtafutaji mlangoni tu, na akishaingia ni lazima alinganishe herufi moja moja na za kila mkazi wa chumba kile. Jedwali likisongamana, kompaila huongeza vyumba na kuwahamisha wakazi wote upya.

Ulinganishaji huo wa herufi hauna huruma. Chukua neno "ng'ombe". Likiandikwa kwa kibainishi kilichonyooka lina baiti saba katika mfumo wa UTF-8. Likiandikwa kwa kibainishi kilichopinda, kile ambacho programu za uandishi hupenda kukiweka zenyewe bila kuulizwa, lina baiti tisa, kwa kuwa alama hiyo moja huchukua baiti tatu. Kwa msomaji ng'ombe ni yule yule, lakini jedwali litahesabu ng'ombe wawili. Mtu akitafuta neno kwa kibainishi kimoja katika programu iliyolihifadhi kwa kingine ataambiwa halipo. Wenye kuandaa kamusi na mikusanyo ya matini za Kiswahili katika kompyuta wanapaswa kuliamua suala hili mapema, kwani ng, ng' na ny si mapambo katika lugha yetu. Matini za Kiswahili kwa hati za Kiarabu nazo zina hesabu yake: kila herufi ya msingi humo huchukua baiti mbili.

Lugha za programu hazikubaliani kuhusu uzito wa kanuni ya nakala moja. Java inaishurutisha: mifuatano thabiti miwili yenye herufi zile zile sharti iwe kitu kimoja kumbukumbuni. C huliacha jambo hilo kwa hiari ya kompaila. Hata namna ya kuhifadhi ni tofauti. Katika faili linalozalishwa na kompaila ya Java, mfuatano hutanguliwa na urefu wake, nao urefu huo huandikwa kwa baiti mbili. Kwa sababu hiyo mfuatano thabiti mmoja hauwezi kuzidi baiti 65535. Utenzi mrefu haungeingia humo kwa mkupuo mmoja, ungebidi kukatwa vipande. Katika C urefu hauandikwi popote. Mfuatano huendelea hadi baiti yenye thamani ya sifuri, ambayo ndiyo nukta yake kuu.

Kugawana nakala moja kuna sharti: asiwepo mtu wa kuibadilisha. Ikiwa sehemu mbili za programu zinatumia "Habari" moja, na sehemu ya kwanza ikabadilisha herufi H kuwa S, sehemu ya pili itajikuta inachapisha "Sabari" ilhali haikutenda kosa lolote. Programu za kale za C zilikuwa na tabia hiyo ya kuandika juu ya mifuatano yake. Kompaila ya GCC ilizivumilia kwa muda mrefu kwa kuwapa wenye kuzihitaji chaguo maalum la kuruhusu uandishi huo, hadi toleo la 4.0 la mwaka wa 2005 lilipoliondoa. Leo mifuatano thabiti huwekwa katika eneo la kumbukumbu linaloweza kusomwa tu, na programu inayothubutu kuandika humo huzimwa na mfumo endeshi.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, inamfaa mwanafunzi wa Kiswahili kuliko mwingine yeyote. Kwa vile mfuatano wa C huishia kwenye baiti ya sifuri, neno linaweza kuishi ndani ya mkia wa neno jingine. Tuseme programu ina maneno haya matano: wanasoma, anasoma, nasoma, asoma, soma. Yakihifadhiwa mbalimbali, kila moja na sifuri yake, huchukua baiti 35. Lakini kiunganishi, yaani programu inayoyaunganisha mafaili baada ya kompaila kumaliza, kinaweza kuhifadhi "wanasoma" peke yake kwa baiti tisa. Neno "anasoma" huanzia hatua moja mbele, "nasoma" hatua mbili, "asoma" tatu, "soma" nne. Maneno yote matano yanaishia kwenye sifuri moja. Viunganishi vya mafaili ya mtindo wa ELF, unaotumika katika Linux, hufanya hivyo kwa hakika.

Uchumi huu unavipendelea viambishi awali. Viambishi tamati havimo katika neema hiyo: soma, somea na someshwa zinashirikiana mwanzo lakini kila moja ina mwisho wake, na sifuri haiwezi kupachikwa katikati ya neno. Namna ya kuigundua mikia inayofanana nayo itamfurahisha mshairi. Kiunganishi hupanga maneno kwa kuyasoma kutoka herufi ya mwisho kurudi nyuma, kama mtu anayekusanya vina. Maneno yenye mwisho mmoja hukaa pamoja, refu likitangulia, na kila neno linahitaji kulinganishwa na jirani yake wa juu tu. Tukiri kwamba baiti zinazookolewa ni chache, kwani programu nyingi huhifadhi sentensi nzima badala ya vitenzi vitupu.

Hasara kwa Kiswahili haitokani na baiti. Inatokana na kanuni ile ya umbo moja, ingizo moja, pale inapotoka ndani ya kompaila na kuingia katika kazi ya tafsiri. Mfumo wa GNU gettext, unaotumiwa na programu nyingi huria, huichukua mifuatano ya Kiingereza iliyomo katika matini ya programu na kuifanya funguo. Programu saidizi hupitia matini yote, hukusanya mifuatano inayopaswa kutafsiriwa na kuiorodhesha. Mfuatano uliotokea mara ishirini huorodheshwa mara moja, kama kompaila ifanyavyo. Orodha hiyo ndiyo anayokabidhiwa mtafsiri.

Sasa katika orodha kuna neno la Kiingereza "All". Mtafsiri aandike nini? Ikiwa ni mafaili, ni yote, picha, zote, vitabu, vyote, watumiaji, wote. Katika programu neno hilo lilitumika penginepo kwa mafaili na penginepo kwa picha, lakini jedwali limeyafumbata matumizi yote katika ingizo moja lenye nafasi moja ya jibu. Lolote atakaloandika litakuwa kosa mahali fulani. Hali huwa mbaya zaidi mtunga programu anapojenga sentensi kwa vipande, akiacha pengo la nomino mbele ya neno "deleted". Kiingereza hakitaabiki. Kiswahili kinadai faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa. Mtafsiri hujikuta akiandika "imefutwa" kwa kila kitu, kana kwamba lugha nzima ina ngeli ya I-ZI peke yake. Wanaosoma tafsiri hizo humlaumu kwa kutojua sarufi, na mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Miradi ya tafsiri kama ule uliozaa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ukikihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba istilahi za Kiswahili zinaweza kupatikana. Upatanisho wa kisarufi ni suala jingine, na halitatuliwi na orodha ya istilahi hata iwe ndefu namna gani.

Toleo la 0.15 la gettext, la mwaka wa 2006, lilileta njia ya kutaja muktadha. Mtunga programu huandika maelezo mafupi, tuseme "mafaili" au "picha", na maelezo hayo hubandikwa mbele ya neno la Kiingereza yakitenganishwa nalo kwa baiti moja yenye thamani ya 4. Jedwali lenyewe halikufundishwa kitu. Bado linalinganisha herufi kama lilivyokuwa likifanya, ila sasa linaletewa mifuatano miwili isiyofanana, nalo linaipa nafasi mbili, kama kamusi inavyoandika paa wa kwanza na paa wa pili. Muktadha huo, hata hivyo, hutiwa na mtunga programu katika matini yake. Asipoutia, mtafsiri hana mahali pa kuuongeza katika orodha aliyopewa, kwa kuwa ufunguo ulishatungwa kabla orodha haijamfikia. Kilichobaki kwake ni kumwandikia mwenye programu, amweleze kuhusu mafaili yote na picha zote, na kumwomba aligawe neno hilo.