Muhogo Ung'aao katika Soko la London

Mtanzania aishiye London hukuta muhogo umepangwa juu ya meza za soko la Ridley Road, kando ya viazi vikuu na ndizi za kupika. Huko Marekani huukuta chini ya jina la Kihispania, yuca. Jambo la kwanza limshangazalo ni kwamba muhogo huo unang'aa, na akiushika huteleza kama mshumaa. La pili ni maandishi ya kwenye sanduku, ambayo mara nyingi husema Costa Rica, wala si Tanga wala Mtwara.

Ili kuuelewa mng'ao huo, yapasa kwanza kuuliza kwa nini muhogo huharibika upesi. Kila mkulima ajua kwamba muhogo uliong'olewa leo huonyesha mistari ya buluu na nyeusi ndani yake baada ya siku mbili au tatu. Wengi hudhani kuwa ni kuoza. La hasha, kuoza kuletwako na vijidudu huja baadaye. Mistari ya awali hutokana na muhogo wenyewe. Penye jeraha oksijeni huingia, na seli ambazo zingali hai hutengeneza kemikali ambazo, zikikutana na oksijeni hiyo, hugeuka rangi.

Mbona kiazi mviringo hakifanyi hivyo? Kiazi hicho ni shina lililonenepa ardhini. Kina macho, na kwa maumbile yake huweza kukaa miezi kadhaa hadi kichipue. Muhogo ni mzizi tu, yaani ghala la mmea. Mmea mpya huota kutokana na kipande cha shina, kwa hiyo mzizi ukitengwa na shina hauna kazi tena, na uwezo wake wa kuziba jeraha ni mdogo mno.

Basi nchini Costa Rica mihogo huoshwa, hukaushwa, kisha huchovywa kwa muda mfupi sana katika nta ya parafini iliyoyeyushwa. Nta huzuia oksijeni isiingie na maji yasipotee. Muhogo ambao ungeharibika siku ya tatu huvuka bahari na kudumu mwezi mmoja au zaidi. Hata hivyo nta haiponyi muhogo uliokwisha kuharibika. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hutaka ncha ivunjwe mbele yake kabla hajatoa fedha. Wala nta haiondoi sianidi, sumu ambayo hata muhogo mtamu huwa nayo kidogo. Kumenya na kupika vizuri ni lazima, London kama Muheza.

Nchini Uganda upakaji wa nta umejaribiwa pia kwa ajili ya masoko ya mijini. Mkulima asiye na nta anayo njia nyingine isiyo na gharama: akikata mashina wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa, mizizi hukawia kuharibika.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Ing'olewe mihogo sita midogo. Mitatu ipakwe pande zote nta ya mshumaa iliyoyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, na mitatu iachwe vivi hivi. Siku ya nne yote ikatwe katikati, na wanafunzi wachore wayaonayo.