Mafuta ya kunukia hayatoshi kuokoa nywele zinazonyonyoka

Siku ya Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, saluni za Busia huwa zimejaa pande zote mbili za mpaka. Wanawake wa Kenya na Uganda huvuka kwenda kusukwa kule ambako bei ya siku hiyo ni nafuu, kisha hurejea nyumbani na rasta mpya kichwani. Siku hizi wengi hurejea pia na chupa ndogo ya kahawia mkobani: mafuta ya rozimari, lavenda au mnanaa, yanayosifiwa kwamba huzuia nywele kunyonyoka na kuotesha zilizokwisha kutoka.

Mteja mmoja, muuza mitumba mwenye umri wa miaka 34, amekwisha kununua chupa tatu mwaka huu. Nywele zake za juu ya paji la uso na pembeni mwa masikio zimerudi nyuma kiasi kwamba hatoki nje bila kitambaa. Kila chupa alipewa na maelezo yake: moja apake asubuhi, nyingine apake usiku, ya tatu apake bila kuchanganya na kitu. Hiyo ya tatu ilimuunguza ngozi.

Je, mafuta haya yanasaidia kweli, au ni biashara tu?

Utafiti unasema nini

Mafuta ya kunukia hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au magome ya mmea, hadi yatoke yakiwa makali na yenye harufu nzito. Si sawa na mafuta ya nazi au ya nyonyo, ambayo hukamuliwa kwenye tunda au mbegu na huweza kupakwa yenyewe.

Mwaka 1998, madaktari wa ngozi wa Aberdeen, Scotland, walichapisha matokeo ya jaribio la miezi saba kwa wagonjwa wenye vipara vya mabaka, ugonjwa unaotokea kinga ya mwili inaposhambulia mashina ya nywele. Waliokandwa kichwa kila siku kwa mchanganyiko wa mafuta ya rozimari, lavenda, mwerezi na taimu walipata nafuu 19 kati ya 43. Waliopakwa mafuta ya kuchanganyia peke yake walipata nafuu 6 kati ya 41.

Mwaka 2015, watafiti wa Iran walilinganisha mafuta ya rozimari na dawa ya minoxidil ya asilimia 2 kwa wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na mabadiliko ya maana. Baada ya miezi sita nywele zilikuwa zimeongezeka katika makundi yote mawili, bila tofauti kubwa kati yao.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini majaribio yalikuwa madogo. Na zaidi ya hapo, hakuna lililofanywa kwa tatizo linalowasumbua zaidi wanawake wa saluni za Busia, Kampala au Mwanza, yaani nywele kung'olewa na msuko wenyewe.

Msuko unaovuta

Rasta nzito, nywele bandia zilizoshonwa na msuko unaovutwa hadi paji la uso liume huvuta mashina ya nywele kwa wiki nyingi mfululizo. Hatari huongezeka nywele zinapokuwa zimetiwa dawa ya kulainisha. Dalili za mwanzo ni maumivu, vipele vidogo kwenye mizizi na nywele kupungua pembeni. Mtu akilegeza msuko mapema, nywele huweza kurudi. Akiendelea kwa miaka, shina hufa na kovu hubaki. Hapo hakuna mafuta yatakayootesha kitu.

Sababu nyingine pia hazitibiwi kwa chupa. Upungufu wa madini ya chuma, matatizo ya tezi ya shingo na homa kali huweza kuleta upotevu wa nywele. Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zikitoka miezi michache baadaye, na mara nyingi hurudi zenyewe. Mapunye ya watoto huhitaji dawa ya kumeza ya hospitali. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Anayetaka kujaribu rozimari achanganye matone matatu hadi sita katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, nyonyo au shea. Kwanza apake kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku moja au mbili. Mafuta ya karafuu ni makali mno kwa ngozi ya kichwa. Chupa iwekwe mbali na watoto, kwa kuwa baadhi ya mafuta haya, kama ya mkaratusi, ni sumu yakinywewa. Mjamzito amuulize daktari kwanza.

Yanalimwa hapahapa

Kinachoshangaza ni kwamba chupa nyingi sokoni hazionyeshi zimetoka wapi, wakati ukanda huu wenyewe ni mzalishaji. Pemba, kiwanda cha shirika la biashara la Zanzibar, ZSTC, hutengeneza mafuta ya makonyo ya karafuu, mchaichai na mkaratusi. Rwanda, wakulima, wakiwemo wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994, hulima jeraniamu kwa ajili ya mafuta. Kaskazini mwa Uganda hutoka shea laini, na majirani wa Komoro wanajulikana duniani kwa mafuta ya mlangilangi.

Njia ya kuyafikisha Busia ipo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama ikubalike katika nyingine. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 huweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, mradi iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Chupa yenye alama ya KEBS, UNBS, TBS au RSB, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho humpa mnunuzi mahali pa kulalamikia. Ile isiyo na maandishi haimpi.

Kwa muuza mitumba wa Busia, msaada wa kwanza haukutoka kwenye chupa. Msusi wake alifumua mistari ya mbele, akaacha nywele za pembeni bila kusukwa, na kumshauri apumzike na rasta kwa miezi kadhaa, kisha aende zahanati kupima damu. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Itakuwa mwakani kabla hajajua kama alichelewa.