Madan Sara: Wanawake wanaoilisha Haiti

Tangu polisi wa Kenya walipoanza kuwasili Port-au-Prince Juni 2024, wengi katika ukanda wetu wameijua Haiti kwa habari za magenge yenye silaha. Lakini taifa hilo la Karibi lina sura nyingine, na inaonekana vizuri zaidi sokoni.

Wanawake wanaonunua mazao vijijini na kuyasafirisha hadi mijini huitwa Madan Sara. Jina hilo ni la ndege wa jamii ya mnana, mwenye asili ya Afrika, anayeruka kwa makundi na kelele nyingi akifuata chakula kilipo. Biashara yao husimama juu ya uhusiano uitwao pratik, yaani muuzaji na mteja wake wa kudumu. Mteja huyo huongezewa kidogo kwenye kipimo, hukopeshwa, na huwekewa bidhaa zinapoadimika. Naye hamkimbii muuzaji wake siku za mauzo duni. Hawaandikiani mkataba, wanaaminiana.

Taifa lao lilizaliwa na watumwa. Uasi ulioanza mwaka 1791 uliishia kulishinda jeshi la Napoleon, na Januari 1, 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru. Hadi leo, kila Mwaka Mpya familia hunywa soup joumou, supu ya maboga ambayo, kwa masimulizi yao, watumwa waliipika bila kuruhusiwa kuionja. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu.

Uhuru huo ulidaiwa bei mara ya pili. Mwaka 1825 Ufaransa ilituma manowari na kudai faranga milioni 150 za kuwafidia wakoloni waliopoteza mali, wakiwamo watumwa. Baadaye deni lilishushwa hadi milioni 90, lakini mikopo iliyotokana nalo iliendelea kulipwa hadi 1947. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwenye ushuru wa kahawa, jasho la mkulima mdogo.

Haiti inagawana kisiwa kimoja na Jamhuri ya Dominika. Kwa desturi, Jumatatu na Ijumaa wafanyabiashara wa Ouanaminthe huvuka Mto Masacre kwenda soko la Dajabón. Mpaka huo una kovu. Oktoba 1937, kwa amri ya Rais Rafael Trujillo, askari wa Dominika waliua maelfu ya Wahaiti waliokuwa wakiishi upande wao. Inasimuliwa kwamba waliwapima watu kwa kuwataka watamke neno perejil, jina la jani la kiungo. Aliyeteleza ulimi alihesabiwa kuwa Mhaiti.

Septemba 2023, mpaka ulifungwa tena, safari hii kwa mgogoro wa mfereji wa kuchota maji ya mto huohuo. Dominika iliruhusu biashara kwa sehemu mwezi uliofuata, lakini bidhaa za kuoza hazisubiri marais wapatane. Ndani ya Haiti kwenyewe, magenge yameweka vizuizi barabarani na kuwatoza fedha akina mama hao njiani.

Kwa hiyo usalama wa Haiti haupimwi kwa idadi ya polisi pekee. Utapimwa siku Madan Sara atakapotoka kijijini na mzigo wake, auze mjini, na arudi nyumbani na mtaji wake mkononi.