Ekrani Iliyogeuza Deni Kuwa Malipo

Siku ya posho iliyopita nusura kikundi chetu cha akiba kivunjike kwa sababu ya rangi.

Mnajua kwamba orodha yetu ya mikopo iko ndani ya ordinatere. Mama aliyemaliza kulipa, jina lake linapakwa kijani. Mwenye deni bado, njano. Hesabu zenyewe ziko ukurasa mwingine, kwa hiyo mkutanoni tunasoma majina na rangi tu. Siku ile mama prezidante akafungua, na tazama, majina yote ni kijani! Hata la mdogo wake mama sekretere, ambaye sote tulijua amebakisha dola 40. Kelele ikaanza. "Umemfutia ndugu yako deni!" Mama sekretere akaapa kwa machozi kwamba hakugusa kitu. Wengine walikuwa tayari wanadai akiba zao zirudishwe palepale.

Mimi jicho langu lilikuwa kwenye sehemu nyeupe ya ukurasa. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa buluu iliyochanganyika na kijani, na kichwa cha orodha, ambacho tuliandika kwa wino mwekundu, kilikuwa cheusi. Juma mbili hivi ekrani ile ilikuwa namna hiyo, sisi tukisema ni uzee. Fundi mmoja alikuwa ameshatuambia tununue mpya, dola 70.

Nikatia orodha kwenye kle USB, nikavuka barabara pamoja na wamama wawili wa kushuhudia, tukaifungua kwenye duka la kuchapisha. Njano ilikuwa mahali pake. Hakuna aliyefuta kitu.

Ilikuwaje? Ekrani inatengeneza rangi zote kwa kuchanganya tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Zote tatu pamoja zinatoa nyeupe. Nyekundu na kijani zinatoa njano. Sasa ondoa nyekundu: njano inabaki kijani, nyekundu inakuwa nyeusi, nyeupe inageuka buluu-kijani. Ndicho tulichokiona. Nyumbani kwako, ukiona nyeupe imekuwa njano, buluu ndiyo imepotea. Ikiwa zambarau ya kufanana na waridi, ni kijani.

Mara nyingi kosa liko kwenye waya unaotoka kwenye ordinatere kwenda kwenye ekrani. Ule wa zamani, wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, unaitwa VGA. Ndani una safu tatu za visindano, nafasi 15 kwa jumla, na kila rangi ina kisindano chake. Kisindano kikipinda au kichwa kikilegea, rangi moja inabaki njiani. Zima vyote, chomoa waya, uangalie kwenye mwanga. Usishtuke ukikuta nafasi moja ya safu ya katikati iko tupu. Waya nyingi zinatoka kiwandani hivyo. Kilichopinda kinyooshwe polepole: toa wino ndani ya biki, tumia ncha yake iliyo tupu. Kisha rudisha na kukaza skrubu zote mbili. Kwetu kisindano cha kwanza kilikuwa kimelala kabisa. Nani alikipinda? Tulipopiga deki mwezi uliopita meza ilisukumwa ukutani, na mimi mwenyewe nilikuwa kati ya waliosukuma.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, bonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye ekrani yenyewe. Menyu ile inachorwa na ekrani, haitoki kwenye ordinatere. Ikiwa rangi zake ni nzuri huku picha nyingine ni mbaya, kioo ni kizima: tafuta kosa kwenye waya au kwenye ordinatere. Azima waya wa jirani ujaribu. Ikiwa menyu nayo imeharibika, hapo fundi ana haki ya kuzungumza juu ya ekrani.

Kuna mambo mawili yasiyohitaji fundi kabisa. Kwenye Windows 10, ekrani ikiwa ya machungwa kila jioni na asubuhi inapona, tafuta kwenye mipangilio maneno "Éclairage nocturne", uzime. Na ikiwa yote yamekuwa kijivu baada ya watoto kucheza, tafuta "Filtres de couleur". Huenda wamebonyeza vitufe vya Windows, Ctrl na C kwa pamoja.

Wenye ekrani zile nene zenye mgongo kama televizyo ya zamani, angalieni kama kuna spika karibu. Sumaku yake inaleta doa la rangi pembeni. Isogeze mbali, zima ekrani kama nusu saa, washa tena. Mara nyingi doa linapungua lenyewe. Lakini msifungue mgongo wake, na watoto wasiuguse: umeme mkali sana unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Tuliporudi na ekrani ikawaka vizuri, mama aliyepiga kelele kuliko wote alikwenda kukaa karibu na mama sekretere. Hawakusema mengi. Mdogo wake alilipa dola 10 palepale, zikabaki 30. Na tumeongeza safu moja kwenye orodha, kando ya rangi, imeandikwa kwa maneno: "amemaliza" au "bado".