Mungu Mmoja na Miungu Mingi: Hesabu au Haki?

Imekuwa desturi ya wanazuoni wengi, tangu Edward Tylor wa Uingereza alipotoa kitabu chake mwaka 1871, kuzipanga dini za wanadamu kwa idadi ya wanaoabudiwa, zenye mizimu zikawekwa chini, zenye miungu mingi katikati, na zenye Mungu mmoja juu. Nami naona kwamba mpango huo hupima jambo jepesi na kuliacha lililo zito.

Watazamwe Makureshi wa Makka kabla ya Uislamu. Kurani yenyewe yashuhudia kwamba, lau wangeulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi, wangejibu kuwa ni Mwenyezi Mungu, na kwamba waliposhikwa na dhoruba chomboni walimlilia Yeye peke yake, wakamsahau kila mwingine, hata walipokwisha kuokolewa na kukanyaga nchi kavu wakaurudia ushirikina wao. Katika hesabu ya waumba, basi, walikuwa na mmoja tu, kama walivyokuwa naye Waislamu. Ila dhabihu na nadhiri waliwapelekea miungu wao, Laata wa Taifu, Uzza wa Nakhla na Manata wa Kudaidi, wakitaraji kukurubishwa kwa Mola kwa shufaa yao. Kilichogombaniwa hapo kilikuwa haki: ni nani astahikiye kusujudiwa, na je, haki hiyo yakubali kugawanywa? Ndiyo maana maulamaa waliokuja baadaye wakapambanua baina ya kumkiri Mola kuwa ndiye Muumba na kumpwekesha katika ibada, wakaona kwamba la kwanza pasipo la pili halimtoi mtu katika shirki.

Rumi nako ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 384 Symmachus, liwali wa mji ule, alimwandikia Kaisari Valentinian II kumwomba madhabahu ya Ushindi irejeshwe katika ukumbi wa Seneti, na katika hoja zake hakuona taabu kusema kwamba wanachokiabudu watu wote huenda ni kimoja. Alilolikataa ni kufungiwa njia zote isipokuwa moja. Askofu Ambrose wa Milan akampinga, na ombi likaanguka. Haikutimia miaka kumi, sheria za Kaisari Theodosius zikapiga marufuku dhabihu za kale.

Lakini pale ambapo hapana aliyedai haki hiyo isiyogawanyika, hesabu hukosa pa kushika. Wanuer wa Sudan Kusini, ambao mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alifika kwao mwaka 1930 na kuchapisha habari za dini yao mwaka 1956, wanamjua Kwoth, Muumba aliye mbinguni na aliye kila mahali mfano wa upepo, mwenye kutoa uhai na kuutwaa. Na papo hapo wanao roho wa juu, kama vile Deng na Buk, na roho wa chini, ambao huyu huhusiana na ukoo fulani, na yule humshika mtu fulani akaugua hata atolewe ng'ombe wa kafara. Ukiwauliza, roho wote hao ni Kwoth kwa namna fulani, ingawa Kwoth si hao. Evans-Pritchard alihukumu kwamba dini hiyo ni ya Mungu mmoja ikitazamwa upande huu, na ya wengi ikitazamwa upande ule, wala pande hizo hazipingani. Hukumu hiyo naiona ya insafu, kwa sababu aliwafuata watu katika maradhi na mazishi yao kabla ya kuwatafutia fungu.

Kwa hiyo nasikitika kila nionapo waandishi wetu wakihangaika kuthibitisha kwamba mababu walikuwa watu wa Mungu mmoja, kana kwamba heshima yao yategemea tarakimu hiyo. Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu wasomi wa namna hiyo mwaka 1970, akisema kwamba wameivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani, na lawama ile ingali ina nguvu. Mababu hao walimchinjia nani mvua ilipokatika, na walimwapia nani penye shauri la damu? Mambo hayo wazee bado wanaweza kuyaeleza, nayo yangali hayajaandikwa vya kutosha.