Amplifaya ya sabufa kwenye gari: soma fyuzi, usisome katoni

Ukisimama kituoni Kolandoto jioni, Noah inayotoka Shinyanga mjini unaisikia kabla hujaiona. Besi inatangulia. Sisi watu wa redio hatuna ugomvi na hilo, maana sauti ndiyo kazi yetu. Lakini katika jumbe mnazotutumia kuna swali linalojirudia: nimenunua amplifaya ya wati 3000, mbona sabufa haina nguvu, mara inazima yenyewe, na asubuhi gari haliwaki?

Dereva mmoja alitusimulia kwamba aliuza mbuzi wawili ili atimize hela ya amplifaya ya namna hiyo. Mwezi haukuisha, waya ukaungua chini ya zulia la gari akiwa na abiria. Walishuka wote salama. Tangu siku hiyo tulijua mada hii si ya vijana wa muziki peke yao.

Tuanze na namba kubwa iliyo kwenye katoni. Mara nyingi pembeni yake pameandikwa MAX au PEAK. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na kwa amplifaya nyingi za bei rahisi hata hapo haifiki. Wewe tafuta herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo, wimbo mwanzo hadi mwisho. Kama RMS haijaandikwa popote na muuzaji anabadilisha mazungumzo, geuza amplifaya yenyewe uangalie fyuzi zake.

Fyuzi haijui kutangaza biashara. Nguvu inayoingia ni volti mara ampea. Gari dogo likiwa linaunguruma hutoa karibu volti 14. Amplifaya yenye fyuzi moja ya ampea 30 basi huingiza 14 mara 30, yaani wati 420. Na hizo hazifiki zote kwenye sabufa, nyingine zinageuka joto. Amplifaya za aina ya AB hupoteza karibu nusu. Za aina ya D hufikisha kama asilimia 80. Kwa hiyo hiyo yenye fyuzi ya 30 itakupa kama wati 210 ikiwa AB, au kama 330 ikiwa D, hata katoni ikiandikwa 3000. Hesabu hii si ya maabara, ila inatosha kumbana muuzaji. Fyuzi zikiwa mbili, jumlisha ampea zake kwanza.

Kwa sabufa sisi tunashauri aina ya D. Haichoshi sana alteneta, na haichemki kama pasi. Magari mengi madogo ya Kijapani yana alteneta ya ampea 70 hadi 100, na humo zimo taa, feni na kiyoyozi. Ukiongeza mzigo wa ampea 60 usiku, taa zitafifia kila besi inapopiga. Ukipiga muziki injini ikiwa imezimwa, unakula akiba ya kuwashia gari kesho.

Baada ya wati, uliza omu. Omu ni ukinzani wa sabufa, na kila amplifaya ina kiwango cha chini inachokivumilia. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2. Kama amplifaya yako mwisho wake ni omu 4, hapo umeipa mzigo wa kuiua. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya ile zima-washa mnayoilalamikia. Fundi mwenye mita anaweza kupima koili mbele yako. Sabufa ya omu 4 kwa kawaida husoma pungufu kidogo, 3 na ushee, usishtuke.

RMS ya amplifaya ikaribiane na RMS ya sabufa. Amplifaya ndogo ikilazimishwa, sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaochoma koili. Kile kitufe cha GAIN si cha kuongezea sauti. Weka redio robo tatu, pandisha GAIN taratibu mpaka uanze kusikia mkwaruzo, rudisha nyuma kidogo, halafu usikiguse tena.

Sasa waya, mahali ambapo pesa inabaniwa na moto unaanzia. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya inailinda amplifaya. Hailindi waya mrefu unaotoka kwenye betri. Waya huo unahitaji fyuzi yake karibu na betri, isizidi shibiri mbili. Bila hiyo, waya ukichunika na kugusa bodi ni shoti, na betri nzima inamwagika hapo. Gari la yule dereva halikuwa na fyuzi hiyo. Kwa amplifaya ya ampea 60 tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 16 au zaidi. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na unene huo hautoshi. Waya wa athi nao uwe mnene vilevile, mfupi, ukazwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Usiifunge amplifaya chini ya magunia wala mahali pasipo na hewa. Vumbi letu la kiangazi na joto la Oktoba vinatosha kuiumiza. Na ukipita karibu na hospitali ya Kolandoto usiku, punguza. Wagonjwa wamelala, na kanuni za kelele zipo tangu mwaka 2015.

Kwa mliouliza kuhusu Fuso na mabasi makubwa: mengi yanatumia volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Amplifaya ya volti 12 ukiiunga moja kwa moja itakufa. Mafundi wengi huchukua volti 12 kwenye betri moja tu. Muziki utapiga, ila betri hiyo itachoka mapema huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na mtanunua zote mbili. Nunueni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, na mkague ampea zake kama mlivyokagua fyuzi.